Madaftari Manane na Jogoo wa Faini

Kitabu cha Kornelio kiliandikwa juu ya dungu, na wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa nyani. Msicheke. Mkulima wa mahindi na mpunga kwenye milima ya nyuma ya Kilwa hana mahali pa kukaa na kalamu isipokuwa hapo, juu ya miti minne na kipaa cha nyasi, anapolinda shamba kutwa nzima. Wenzake wakilinda walisokota kamba au walisinzia. Kornelio aliweka daftari juu ya goti, akachovya kalamu kwenye kidau cha wino alichopewa na padri wa misheni, akaandika. Nyani wakiingia aliichomeka kalamu sikioni, akashuka na kombeo lake, akawafukuza, akapanda tena. Na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli kupita kiasi, asiyetaka msomaji wake adhani ameachwa njiani bila sababu, kila alipolazimika kushuka aliandika kwanza, palepale alipofika: "Ngojeni, nyani wameingia."

Alifanya hivyo miaka sita. Alichokuwa akikiandika ni maneno ya mama yake, Emerensiana, kikongwe aliyebakiwa na meno mawili na kumbukumbu ya watu mia. Alijua jina la kila njaa iliyopita milimani na majina ya waliokufa nayo. Alijua nyimbo za kutwanga ambazo wasichana wa siku hizo walikwisha kuziacha. Jioni Kornelio alikula naye, akamsikiliza. Asubuhi alikwenda shamba na maneno yale kichwani kama mtu anayebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni, haongei na mtu njiani asije akayamwaga. Ukimsalimia alikuitikia kwa kichwa tu. Watu walisema ana majivuno, kumbe amebeba maji.

Kitabu kilianza hivi: "Mama yangu Emerensiana alinambia: mtu asiyeijua njaa ya jana hawezi kuishukuru shibe ya leo." Aliupenda sana mstari huo. Kila alipofungua daftari la kwanza aliusoma upya, akatabasamu peke yake, kisha akaendelea na kazi.

Mwaka wa hamsini na mbili padri alimletea tangazo. Kulikuwa na ofisi Dar es Salaam iliyokuwa ikitafuta vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na wenyeji, habari za makwao na za wazee wao. Kornelio aliandika barua, akajibiwa. "Tuletee kitabu chote kabla ya mwisho wa mwezi wa nne. Tukikipenda, tutakipiga chapa." Aliisoma barua ile hadi ikakatika kwenye mikunjo. Madaftari saba yalikuwa yamejaa na la nane lilikuwa limebakiza kurasa chache. Alikazana nazo, akaandika ya mwisho siku ya Jumamosi, mwezi wa tatu. Siku ya Jumatano mama yake akafariki.

Sasa, mgeni asiyejua utani ataona watu wa huku hawana adabu, basi afadhali nieleze. Ukoo wa Kornelio wa milimani na ukoo wa Tawakali wa Kivinje ni watani tangu ile njaa iliyofuata vita vya Majimaji. Babu zao walikutana porini wakichimba mizizi, wakapikia chungu kimoja, wakazikiana watoto. Hawakuwa na nguvu za kulia. Mmoja akatoa mzaha juu ya kaburi, mwenzake akacheka, na kicheko kile ndicho kilichowafikisha nyumbani. Tangu hapo msiba wa huku haukamiliki bila mtu wa kule. Mtani huingia matangani bila hodi. Huvaa nguo za marehemu, hutembea mwendo wake na kusema kwa sauti yake. Huweza kutwaa kitu chochote cha wafiwa akakishikilia mpaka mfiwa mwenyewe akikomboe kwa ugoro kidogo na neno la mzaha. Na sheria ni moja tu: kwa mtani hakuna kukasirika. Ukikasirika, unatozwa faini ya jogoo.

Tawakali mwenyewe alikuwa mtu wa Kivinje tangu enzi na enzi, muuza papa mkavu na chumvi, amemzidi Kornelio miaka kumi na mitano, anachechemea mguu wa kushoto. Naye alikuwa mwandishi, tena wa tenzi, kwa hati za Kiarabu na kalamu ya mwanzi, kama baba yake na babu yake. Wawili hao walipokutana hapakukosa maneno. Tawakali alisema herufi za misheni zimesimama kama nguzo za ua uliobomoka. Kornelio alisema herufi za pwani zatambaa kama majongoo baada ya mvua, na yeye hawezi kusoma jongoo. Walicheka, wakagawana ugoro.

Basi siku ya pili ya msiba Tawakali, ambaye habari zilimkuta Tingi akiuza papa, akafika, miguu imejaa vumbi, papa wa rambirambi begani. Hakuketi. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kaniki ya marehemu, ameegemea bakora yake, mgongo umepinda, midomo ameibana ndani mpaka akawa hana meno. Watu wakaanza kucheka na machozi yao machoni. Mkono wake mmoja ulikuwa umekumbatia furushi la madaftari manane.

"Kornelio mwanangu," alisema, na ilikuwa sauti ya Emerensiana kabisa, "umenitia humu mzima mzima, na meno yangu mawili, halafu unanilaza juu ya rafu nile vumbi? Mimi nakwenda zangu pwani nikale papa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila ugoro, je?"

Waombolezaji walicheka hadi wakashikana mabega. Mkewe Kornelio, Stefania, alikuwa tayari na ugoro, ameukunja kwenye jani, akamsogezea mumewe mkononi. Ilikuwa Kornelio anyanyuke, aseme, "Twaa mtani, niachie mama yangu," na mambo yaishe. Hakunyanyuka. Sauti ile ilikuwa imemchoma mahali asipopategemea. Aliuacha ugoro chini, akaenda nyuma ya nyumba, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa mpaka watu wakatawanyika. Asubuhi yake Tawakali aliondoka na furushi kwapani, mbele ya macho ya kila mtu, akipunga mkono.

Desturi ilimshika Kornelio nyumbani hadi matanga yakaisha. Mvua nazo zikaanza. Siku ya tisa alitelemka, akalala Tingi kwa watu anaofahamiana nao, na kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa Kivinje, matope hadi magotini.

Alimkuta Tawakali kwenye baraza ya nyumba yake, vidole vyeusi kwa wino. Kando yake ameketi binti yake Mwahija, mwanamke aliyesoma kwanza chuo cha Kurani, kisha miaka michache kwenye shule ya serikali, na daftari la nane liko wazi mapajani mwake.

"Mtani! Karibu," alisema Tawakali kwa furaha. "Umeleta ugoro? Kaa, kaa. Tuvumilie mpaka alasiri tu, umebaki ukurasa mmoja."

"Ukurasa wa nini?"

"Wa utamu, wa nini tena?"

Tuseme kweli: mtu mwingine angeuliza kwa nini vidole ni vyeusi. Kornelio hakuuliza. Alikuwa na njaa na uchovu wa safari, mama yake ana siku kumi kaburini, na hapa watu wanajiburudisha naye barazani. Alilinyakua daftari mapajani mwa Mwahija, akayakusanya yale mengine saba mkekani.

"Kitabu changu si ngoma ya matanga," alisema. "Wewe ni mwizi, Tawakali. Usiniite mtani tena."

Neno lile lilipotoka, hata wapita njia walisimama. Mwahija aliinamisha kichwa. Tawakali akasema polepole, bado anajaribu kucheka, "Hapo sasa umekula faini. Jogoo."

Kornelio alikwisha kuondoka. Posta karani alimwambia lori la barua limeondoka juzi, lijalo ni Jumamosi. Aliomba kalamu, akasimama pale dirishani akipekua daftari moja baada ya jingine na kukata kwa wino kila mahali alipokuwa ameandika habari za nyani. Aliona aibu. Watu wa Dar es Salaam wangesema nini? Kisha akafunga furushi kwa kamba, akaandika anwani, akalikabidhi, akarudi kwao.

Lori la Jumamosi halikufika. Mto Matandu ulikuwa umefura, dereva akaona apite hivyo hivyo, maji yakalipindua. Dereva na utingo waliogelea wakaokoka, Mungu ashukuriwe, lakini magunia ya barua yalichukuliwa na mto hadi baharini. Kornelio hakujua lolote. Alingoja mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba ofisi ya Dar es Salaam ikaandika kumuuliza mbona kimya, na padri akamweleza habari za lori.

Alikwenda kukaa juu ya dungu. Alijaribu kuanza upya. Aliandika, "Mama yangu Emerensiana alinambia," kisha ule mstari wote, kisha kalamu ikasimama. Alikumbuka mambo, ndiyo. Njaa zilikuwa nne, aliweza kuzitaja. Lakini jinsi mama alivyosema, pale alipopumzika, neno lipi alilitanguliza, vilikuwa vimekwenda. Alipokuwa akiandika alikuwa akiyatua maji na kuyasahau, maana yalikuwa salama kwenye daftari. Sasa mtungi ulikuwa mtupu na chombo kilichotiliwa maji kimezama.

Na mtu mwenye uchungu hutafuta wa kumbebesha. Kornelio alihesabu siku kwa vidole, akaziruka zile ambazo matanga yalimshika nyumbani. Kama Tawakali asingechukua madaftari, yangepanda lori la kwanza. Lori la kwanza lilifika. Basi.

Baada ya mavuno wauza chumvi waliopanda milimani walimletea ujumbe: "Mtani wako Tawakali asema njoo na jogoo, kazi imebaki kidogo." Kornelio alibetua mdomo. Kazi gani? Ya kumcheka? Mwaka wa pili ujumbe ukaja tena, maneno yaleyale, jogoo yuleyule. Mara ya tatu muuza chumvi aliongeza kwamba Tawakali anakohoa siku hizi, na kwamba aliusema ujumbe ule bila kucheka.

"Nenda," Stefania alimwambia. "Mtani hasusiwi."

"Utani ulikufa na mama."

"Mama alikufa akiwa na watani wake wote. Wewe ndiye uliyempunguzia mmoja."

Hakwenda. Huwa najiuliza mtu anawezaje kusikia maneno matatu ya kirafiki na kila mara akasikia matusi. Lakini ndivyo hasira ilivyo, huziba sikio kabla ya kufungua mdomo. Kati ya watu waliolelewa ndani ya utani tangu tumboni, anayejua kila mzunguko wa lugha ile kuliko Kornelio ni nani? Na bado ilimpita.

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na nne, mtu kutoka Tingi alipita akisema Tawakali amefariki. Alizikwa jana yake, mchana. Kornelio alikuwa akiparua mihogo. Aliweka kisu chini. Mkewe aliingia bandani, akamkamata jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu na kumtia kwenye tenga dogo.

"Faini hailipwi kwa maneno," alisema. "Chukua."

Alimchukua jogoo yule mpaka Kivinje, siku mbili za njia, na jogoo aliwika kila walipopita kijiji kama mpiga mbiu. Watu walitoka kutazama. Kornelio alitembea ameinamisha macho. Angemwacha njiani, lakini aliogopa maswali ya mkewe.

Alifika siku ya tatu ya matanga, saa nne ya asubuhi. Watu walikuwa wamejaa barazani na uani, na wote wakamgeukia. Kivinje nzima ilikuwa inajua. Msiba ule ulikuwa umekaa siku tatu bila mtani, chakula bila chumvi; watu wamelia mpaka wamechoka na hapana aliyekuwa na ruhusa ya kuwachekesha. Mwahija alitoka mlangoni, amefunga nguo za msiba, macho yamevimba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Poleni sana."

"Tumekwisha kupoa kidogo. Umekuja." Alikuwa ameshika mkononi kanzu na kofia ya baba yake. Hakumuuliza kama ataziweza. Alimpa tu.

Kornelio alizivaa. Kanzu ilimkomea katikati ya muundi, maana marehemu alikuwa mfupi. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa na mama yake. Kornelio alisimama pale katikati ya uwanja. Angesema nini, yeye aliyesema usiniite mtani? Ndipo mguu wake wa kushoto ukaburuza, wenyewe, kama vile ulikuwa ukingoja. Alichechemea hatua tatu, akainua mkono shavuni, akanadi kwa sauti ile ya puani iliyokuwa ikiamsha mtaa kila asubuhi:

"Papa! Papa wa leo, harufu ya mwaka jana! Njooni mnunue kabla hajatembea!"

Kicheko kilitoka kwa watu kama kitu kilichobanwa siku tatu. Wanawake walipiga vigelegele na kulia papo hapo. Kornelio naye alipata nguvu. Alichechemea hadi ndani akitafuta cha kutwaa, na juu ya kasha akaona bunda la karatasi limefungwa vizuri kwa kitambaa cheupe. Alifungua pembe moja. Majongoo matupu. Tenzi za mzee, akajiambia, na hapo uchungu wa miaka miwili ulimpanda. Vyema. Na wao waonje.

Alitoka nalo amelinyanyua juu. "Mimi Tawakali nahama!" alinadi. "Nakwenda milimani na maandishi yangu nikawasomee nyani, maana ninyi hamjui utamu! Anayeyataka alete ugoro!"

Watu walicheka tena, wakamgeukia Mwahija. Zamu ilikuwa yake. Mwahija hakufungua pindo la kanga kutoa ugoro. Alisimama akimtazama Kornelio na bunda lile kifuani pake.

"Hilo hatulikomboi," alisema.

Kornelio alidhani amemkasirisha, na, Mungu amsamehe, nusu ya moyo wake ilifurahi.

"Hatulikomboi kwa sababu si letu," Mwahija aliendelea. "Ni lako. Lifungue."

"Mimi sisomi majongoo, mwanangu. Wajua."

"Basi lete nikusomee."

Alilipokea, akaketi mkekani, akafunua kitambaa. Alianzia kulia, kidole chake kikifuata mstari, naye alisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu asomaye barua ya nyumbani.

"Mama yangu Emerensiana alinambia: mtu asiyeijua njaa ya jana hawezi kuishukuru shibe ya leo."

Kornelio aliketi. Hakuchagua mahali, aliketi palepale alipokuwa, mchangani, na kanzu ya watu.

Mwahija alisoma mstari wa pili, na wa tatu. Pale Emerensiana alipopumzika, palipumzika. Neno alilolitanguliza, lilitangulia. Kornelio alikuwa amefumba macho, na machozi yalimtiririka bila sauti hadi kwenye ndevu.

"Zile siku zote barazani," alisema Mwahija, "mimi nilikuwa nasoma, baba anaandika. Herufi zenu hakuzijua. Nilianza asubuhi nikaacha magharibi, mpaka sauti ikanikauka. Alisema kitabu kimoja ni kama jicho moja, likiingia mchanga umepofuka. Alisema padri ana posta, serikali ina posta, lakini posta haina mama."

"Kwa nini hakunambia?"

"Alikwambia mara tatu, mjomba. Njoo na jogoo, kazi imebaki kidogo. Nilimsihi aandike barua ya wazi, akakataa. Akasema, nikimwandikia kama mtu baki, basi nimekubali kuwa mtu baki. Nitamwita kwa utani hadi asikie." Alifungua karatasi ya mwisho. "Na hapa chini ameandika yake. Sikiliza. 'Hiki ni kitabu cha mtani wangu Kornelio wa milimani. Mimi Tawakali sina langu ndani isipokuwa wino. Nimekiiba kwa haki ya utani. Ukurasa mmoja umebaki, mwenyewe ameunyakua. Atakapokuja na jogoo tutaumalizia. Nami nangoja.'"

Shukrani ya punda ni mateke, ndivyo Kornelio alivyojiona, na alikuwa sahihi. Kitabu kilipona kwa sababu kiliibwa. Zile siku alizozihesabu kwa vidole, alizozilaani juu ya dungu miaka miwili, ndizo zilizokuwa zimemwokolea mama yake, na aliyemwokoa alikuwa amelala chini ya mchanga bila kuambiwa ahsante.

Lakini Kornelio alikuwa bado amevaa kanzu. Na aliyevaa kanzu ya marehemu katika matanga ana ruhusa ambayo padri wala shehe hawana. Alijiinua. Aliivuta kofia mbele kidogo, kama Tawakali alivyopenda kuivaa, akachechemea hadi mahali alipokuwa ameketi mwenyewe, akapainamia pale mchangani palipobaki alama yake.

"Mtani," alisema kwa sauti ya puani, "jogoo yuko wapi?"

Kisha akavuka upande wa pili, akavua kofia, akaenda kwenye tenga, akamtoa yule mwekundu, akamnyanyua kwa mikono miwili juu kabisa watu wote wamwone.

"Huyu hapa, mtani wangu," alijibu kwa sauti yake mwenyewe. "Nimechelewa. Nisamehe. Ahsante."

Jogoo akawika. Hapo msiba mzima uliangua kicheko, na Kornelio akacheka nao huku analia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mama yake afe. Mwahija alimpokea jogoo akamfunga kwenye nguzo. Mpaka kesho yake hakuna aliyethubutu kumchinja. Ilionekana amekwisha kuwa mfiwa.

Matanga yalipoondolewa, Kornelio hakuondoka. Alikwenda dukani akanunua madaftari mapya kumi na sita na chupa ya wino. Mwahija aliuliza kwa nini kumi na sita wakati kitabu ni cha manane.

"Jicho moja likiingia mchanga," alisema Kornelio.

Wakatandika mkeka kwenye baraza ileile. Jogoo alikuwa akichakura karibu na nguzo yake. Mwahija aliliweka bunda mapajani, akalifungua upande wa kulia; Kornelio aliweka daftari juu ya goti na kulifungua upande wa kushoto.

"Siku zile mimi nilisoma, baba akaandika," alisema Mwahija. "Sasa mimi nasoma, wewe uandike."

Alianza. Kornelio aliandika mstari wa kwanza bila kuhitaji kuusikia, kisha wa pili, kisha akaingia kwenye yale yaliyokuwa yamepotea. Walikwenda vizuri. Walifika mahali ambapo Emerensiana, msichana mdogo, anatumwa mtoni na dada yake na wanakuta nyayo mpya matopeni, naye Mwahija akashusha sauti, kwani ni mahali pa kutisha, akasoma:

"Tukasimama. Dada akanishika mkono. Ngojeni, nyani wameingia."

Kornelio aliinua kalamu. Alikumbuka alivyosimama kwenye dirisha la posta akiyakata maneno hayo kwa aibu, moja moja, ili watu wa mjini wasimcheke. Na hapa mtu alikuwa ameketi barazani kwake, vidole vyeusi, akiandika kwa hati nzuri za babu zake kila neno la mtani wake, hata nyani.

"Hilo nalo niandike?" aliuliza.

"Baba aliliandika."

Kornelio alifuta macho kwa kiganja, akachovya kalamu, akaliandika.